Mkwe Aliyezima Taa Darini

Lawrence ni mtu wa darini. Ukimtaka mchana, usihangaike kumtafuta barabarani wala dukani. Yuko juu ya vichwa vya watu, amejikunja katikati ya vumbi na nyaya, pembeni ya pipa la maji moto. Huku Durban pipa hilo huitwa geyser, karibu kila nyumba ina lake limelala darini, na likiharibika katika baridi ya Julai, wenye nyumba hununa utadhani wamefiwa. Hapo ndipo Lawrence anapopigiwa simu. Anabadilisha koili, anabadilisha vali, anaziba panapovuja, anashuka na nywele nyeupe kwa vumbi, anasema "sharp, mama," yaani mambo safi, na kuondoka. Chatsworth wanamjua, Bluff wanamjua, na sisi wa Overport ndio usiseme.

Mimi ni jirani yake. Naitwa Kidawa, kwetu Unguja, kazi yangu kushona. Tunakaa nyumba moja kuukuu iliyokatwa katikati: upande huu mimi na cherehani yangu, upande ule Lawrence na mkewe Kwamboka, Wakisii wa Kenya wote wawili. Ukuta wetu mmoja na paa letu moja, kwa hiyo mengi ya kwao nayasikia hata nisipotaka. Na mara nyingi nataka.

Lawrence alikuja mjini hapa kusoma chuo, ada ikamshinda, akaangukia mikononi mwa fundi mmoja Mhindi wa Chatsworth aliyemfunza kazi kwa matusi. Somo la kwanza lilikuwa kwamba darini mtu anakanyaga boriti tu, na haendi hatua bila taa ya kichwani, maana silingi za nyumba hizi zimechakaa na hazibebi mtu. Lawrence alilishika somo hilo. Ni mwangalifu, tena mpole mpaka anaudhi. Huyu ni mwanamume wa kukohoa kwenye mlango wake mwenyewe kabla ya kuingia, asije akamkuta mtu hajajiweka sawa.

Na fundi huyuhuyu, kwake maji yalikuwa baridi. Pipa la upande wangu alilitengeneza zamani, kwa sababu mimi nina mdomo. La upande wake liliungua koili, Kwamboka akamwambia, akasema kesho. Akaambiwa tena, akasema kesho. Anarudi jioni amechoka na madari ya watu, la kwake halioni. Kwamboka akazoea kuchemsha maji kwenye sufuria, na mtu akishazoea shida nyumbani kwake, huacha hata kuiita shida.

Mwaka huu Kwamboka alijifungua mtoto wa kiume, Melvin, kwa upasuaji. Kidonda kikamsumbua, hawezi kuinama, hawezi kubeba hata ndoo. Ikabidi mama yake, Mama Bosibori, atoke Kisii aje amlee.

Hapa lazima nikueleze jambo, la sivyo hutanielewa. Sisi watu wa pwani, mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana, lakini wanakaa, wanakula, hata kucheka wanacheka. Wakisii sivyo. Wao wana kitu wanakiita chinsoni, aibu ya heshima kati ya mkwe na wazazi wa mkewe. Mkwe hauoni mwili wa mama mkwe, wala hazungumzi naye habari za kuoga, za kitanda, za choo. Hawakai wawili peke yao ndani ya nyumba. Kwa kawaida mama huyo asingelala kabisa chini ya paa la Lawrence. Alikuja kwa sababu bintiye hakuwa na mtu mwingine, na alikuja akiwa ameona aibu tayari, hata kabla ya lolote kutokea.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cha kanisani hakimtoki kichwani. Shikamoo yangu alikuwa akiipokea kwa "mzuri, mama," mpaka nikaacha kumrekebisha. Yeye na Lawrence hawakuwa wakizungumza. Mmoja akiingia sebuleni, mwingine anatoka. Wakiwa na la kuambiana, wananiambia mimi ukutani na mimi nalipeleka. Nikawa mdomo wao, na kwa kweli kazi hiyo niliipenda.

Siku moja nikamkuta Mama Bosibori anatoka jikoni na sufuria la maji yanayofuka, amelishika kwa pindo la gauni, anachechemea kuelekea bafuni. Nikamwambia aje aoge kwangu, maji yapo ya kumwaga. Akakataa. Avuke ua na taulo, mkwe wake apite? Hapana, yuko sawa, baridi ni ya magoti tu.

Nikamngoja Lawrence getini.

"Baba Melvin," nikamwambia, "wewe ni fundi, au ni picha ya fundi?"

"Nimefanya nini, dada Kidawa?"

"Mama mkwe wako anabeba sufuria la moto kila siku ili aoge. Kwa fundi wa maji moto."

Akainamisha kichwa, akaanza kuchezea funguo za pikapu. Masikio yalimwiva. "Dada Kidawa, mambo ya vile mama anaoga, tafadhali usiniambie."

"Basi tengeneza, usiambiwe."

Aliona aibu, na nilifurahi kwamba ameona. Akapanga kuifanya kazi kimyakimya, ili Mama afungue tu bomba siku moja akute maji ya moto, pasiwe na neno la kuoga lililopita kati yao. Akaniuliza ni lini watakuwa wametoka. Nikamwambia kesho, wote wanaenda kliniki na mtoto.

Kesho yake wakatoka, Laetitia akiwasindikiza. Huyo ni dada wa Kikongo anayesuka nywele, amepanga chumba cha nyuma. Lawrence akaingia, akapanda darini, akaweka koili mpya, akawasha, akaenda kufanya kazi nyingine mtaa wa pili wakati pipa linapata moto. Kazi yao iko hivyo: pipa likiwa baridi hukudanganya, likishapata moto ndipo linapoonyesha linapovujia. Kwa hiyo lazima arudi aliangalie.

Asichojua ni kwamba Mama Bosibori hakufika kliniki. Walipofika penye taxi, mguu ulimkataa. Akasema ni magoti, akawaacha Kwamboka na Laetitia waende, yeye akarudi nyumbani polepole. Mimi sikumwona. Nilikuwa na magauni ya kwaya nayashona, na cherehani yangu ikianza kuimba sisikii mengine.

Lawrence akarudi. Akakohoa mlangoni, kama kawaida yake. Kimya. Mama alikuwa chumbani, amemsikia vizuri, na kwa adabu yao alifanya lililo sawa: wako wawili tu ndani ya nyumba, basi asijitokeze, asijibu, mkwe achukue alichofuata aende zake. Lawrence naye, kwa kuwa hakujibiwa, akajua hakuna mtu. Akapanda darini kwa kilango cha korido, na kwa sababu ni mtu mwepesi, hakutoa kishindo. Mama akasikia nyumba imetulia. Akajua mkwe ameondoka.

Alikuwa ameshagundua jikoni kwamba bomba linatoa maji ya moto. Akachukua taulo, akaingia bafuni, akajifungia.

Lawrence alikuwa amechuchumaa juu ya boriti, anapapasa viungo vya bomba, aliposikia maji yanatiririka chini yake. Akadhani bomba limepasuka. Kisha akasikia mtu anajimwagia, na sauti ya mama mkwe wake ikiimba wimbo wa kanisani, taratibu, wimbo wa mtu aliyestarehe. Aliniambia hapo alikwama. Akikohoa, Mama atajua kuna mwanamume juu ya kichwa chake. Akishuka, kilango kiko mbele ya mlango wa bafu. Na silingi ile ya zamani ilikuwa na nyufa, na pale bomba linapopita palikuwa na tundu kubwa. Mwanga wa taa yake ulikuwa umelala papo hapo penye tundu. Akiinamisha macho kidogo tu, ataona.

Basi akaizima taa. Fundi yeyote duniani angekwambia usizime. Lakini yeye wakati ule hakuwa fundi, alikuwa mkwe. Akazima taa, akageuza uso, akaanza kutambaa gizani kuelekea upande wangu, akipapasa boriti kwa mkono. Boriti moja akaikosa.

Mimi nilisikia kishindo kama kabati limeanguka. Nikaacha cherehani inazunguka, nikakimbia. Mlango wa bafu niliusukuma kwa bega mpaka komeo likang'oka. Ndani vumbi limetanda, silingi iko vipandevipande sakafuni. Lawrence ameketi kwenye maji, uso ameuelekeza ukutani, mikono yote miwili ameibana machoni, damu inamtoka puani. Mama Bosibori yuko pembeni, amejizungushia pazia la bafu mpaka shingoni. Hakuna aliyepiga kelele, na hicho ndicho kilichonitisha. Mama wa watu alikuwa anatazama chini kana kwamba yeye ndiye aliyeanguka.

Nilimshika Lawrence mkono nikamtoa nje kama kipofu. Hakufumbua macho mpaka alipofika barabarani.

Kwamboka na Laetitia walipofika walimkuta ameketi ndani ya pikapu, vioo amevipandisha.

"Kuko nini?" Laetitia akaniuliza. "Mubaba iko na damu, anakatala kutoka."

Nikaeleza. Laetitia alianza kucheka, akaona uso wa Kwamboka, akaacha. Mimi mwenyewe ningekuwa mahali pengine ningecheka wiki nzima. Lakini Kwamboka aliketi kizingitini na mtoto wake, akawa anasema, "Aki Mungu, aki Mungu," na ndani Mama Bosibori alikuwa tayari anakunja nguo zake kwenye begi. Anataka kwenda nyumbani. Hamlaumu mtu, alisema, kosa ni lake. Alisema anakwenda kliniki, hakwenda. Angekohoa naye, yote yasingetokea. Aliyasema hayo bila kuinua macho, na sijawahi kumwona mzee aliyejiona mdogo vile.

Kwamboka akampigia simu mjomba wake Kisii, kaka wa Mama. Mjomba akasikiliza, akauliza jambo moja tu: mkwe aliona, au hakuona? Kama hakuona, hakuna kilichovunjika. Aseme mbele ya Mama na shahidi kwamba hakuona, atoe blanketi la kumfunika mama mkwe wake, yaishe. Lakini kama aliona, basi Mama hawezi kulala tena kwenye nyumba ile, na Lawrence hawezi kukanyaga kwake Kisii, mpaka wazee wakae na mambo ya mila yafanywe, na hayo hayafanyiki Durban. Maana yake Mama aondoke, na Kwamboka abaki peke yake na tumbo lililoshonwa na kitoto kichanga.

Nikaenda kwenye pikapu. Nilifurahi kumpelekea habari njema.

"Neno moja tu, Baba Melvin. Utasema sikuona, utatoa blanketi, utaingia ndani ule chakula chako."

Alikuwa ameegemea usukani. Hakuniangalia. "Mama anatembeaje?"

"Anatembea kwa miguu. Unayatakia nini matembezi yake? Mimi nazungumza habari ya kesho."

"Sawa, dada," akasema. "Nimesikia."

Nikamwona mjinga. Alilala humohumo garini, na chakula nilichompelekea nilikikuta asubuhi hakijaguswa.

Tulikutana chumbani kwangu. Nilifunga kamba, nikaning'iniza kitenge katikati kwa vibanio vya nguo, wasionane. Upande mmoja nikamweka Mama Bosibori kwenye kiti, Kwamboka na mtoto kando yake. Upande wa pili Lawrence, amevaa shati la kanisani, ameshika blanketi jipya ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nikasimama penye pindo la kitenge, shahidi. Simu tuliilaza juu ya cherehani, sauti wazi, mjomba anatusikia.

Mjomba akauliza, kwa Kiswahili ili na mimi nielewe: "Baba Melvin, uliona ama hukuona?"

Mfuko wa plastiki ulikuwa unalia mikononi mwa Lawrence. Nikamkazia macho: sema, mwanaume, useme tukale.

"Niliona," akasema.

Kwamboka alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Mama Bosibori alijivutia kitambaa usoni, na kiti kikalia. Alikuwa anataka kuinuka na hakuweza.

"Nilifunga macho," Lawrence akaendelea, haraka sasa, "lakini nilichelewa. Wakati naanguka niliona. Mama ako na kidonda kwa paja. Ameungua. Kidonda kimekuwa kibaya, kimebadilika rangi. Nimeshaona watu wameunguzwa na maji, najua vile inakaa ikiharibika. Mumpeleke hospitali leo. Mkishampeleka, mtaniambia mimi niende wapi."

Akaweka blanketi sakafuni, akatoka nje.

Mimi nilipiga magoti mbele ya Mama Bosibori. Akaushika upindo wa gauni lake kwa mikono miwili, ananikatalia kwa kichwa. Nilimwomba, "Mama yangu, mimi ni mwanamke mwenzio." Kwamboka akamwambia jambo kwa Kikisii, huku analia, na mikono ikalegea.

Alikuwa amekifunga kwa kipande cha kanga. Chini yake amepaka dawa ya meno, imekauka, imepasuka, na usaha unatoka kwenye nyufa. Paja lote limevimba, jekundu, linatoa harufu. Sufuria lilimponyoka siku za mwanzo tu alipokuja. Akanyamaza. Angemwambia nani? Angemwambia bintiye, bintiye angemwambia mumewe, na mkwe angejua kwamba mama mkwe wake ameungua akienda kuoga, kwa ajili ya pipa ambalo yeye hakulitengeneza. Aliona heri aoze kuliko kumwaibisha. Na mimi, mwenye kusikia kila kitu ukutani, hilo sikulisikia.

Nilitoka nje nikiwa na hasira, sijui za nani, nikamwendea Lawrence.

"Ungeniambia mimi jana. Ningemkagua, ningesema nimemwona anachechemea. Wewe ungebaki na neno lako."

"Angejua," akasema. "Mama angejua ni nani amekutuma. Halafu leo akae nyuma ya kitambaa anisikie nikiapa sikuona? Ningekuwa nimemwona, na tena nimemdanganya. Nilikuwa nafikiria hivyo usiku wote, na kidonda nacho kinaendelea kuoza. Hata huo usiku mmoja nimemwibia."

Gari lilikuwa ni lake tu. Mama Bosibori asingeweza kuketi mbele naye, kwa hiyo tulimpandisha nyuma, mimi na yeye, katikati ya mabomba na koili za zamani, tukamfunika lile blanketi, maana baridi haijui mila. Kabla ya kuondoka Lawrence alikigeuza kioo cha kuangalizia nyuma kikatazama juu. Akaendesha hivyo mpaka hospitali, polepole, kila robot, ndizo taa za barabarani, anasimama mapema, madereva wa taxi wanampigia honi na kumtukana.

Njiani Mama Bosibori aliniuliza mara moja tu. "Kwa nini hakusema hakuona?"

Nikamvutia blanketi hadi mabegani. Akalia, kitambaa mdomoni. Alilia kwa aibu, si kwa maumivu, na nilikuwa nimemshika mkono ninajua sina la kumsaidia.

Hospitalini wakamchukua haraka. Nesi, mama wa Kizulu mwenye mikono mizito, alipokifungua kile kidonda akatoa "eish" ndefu. Akasema siku chache zaidi na mguu ungekuwa habari nyingine. Akaanza kuuliza maswali, mimi natafsiri. Aliungua na nini? Lini? Alipaka nini? Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa amekasirika na anataka kujua mzee huyu anaishi na watu gani: nani hatimaye alikiona kidonda hiki?

Nikatafsiri. Mama Bosibori akatazama dari. Lawrence alikuwa nje penye magari, hawezi kumsikia, na mjomba hakuwa kwenye simu. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha.

"Mwambie hakuna mtu aliona," akasema. "Mwambie nimekuja mwenyewe."

"Mama," nikamwambia.

"Hakuna mtu aliona, Kidawa. Na huyo kaka yangu, nitamwambia hivyo mimi. Mkwe wangu alianguka, macho yake yakaingia vumbi, hakujua anasema nini."

Nilimtafsiria nesi neno kwa neno. Kisha nikaenda nje. Lawrence alikuwa amesimama kando ya pikapu, hajathubutu kuegemea. Aliponiona akavua kofia.

"Mama amesema nini?"

Nikamwambia.

Aliketi chini pale pale, kwenye lami, na shati lake la kanisani, akafunika uso kwa kofia. Watu wakapita wakimwangalia. Mimi nilisimama mbele yake nikatandaza kanga yangu, wasimwone.